Mzee wa Parkinson halali usiku: anza na saa anayoamka

Kwetu Rungwe, mkoani Mbeya, salamu yenyewe inauliza habari ya usingizi. Ugonile, anakuambia mtu, na shina la neno hilo ni kulala. Unaitikia bila kufikiri hata kama umekesha. Baba yangu aliitikia hivyo kwa miaka, kisha mgeni akishapita ananigeukia: "Sijalala, mwanangu. Hata lepe."

Mimi ni muuguzi mstaafu, sasa naishi Uyole, Mbeya mjini. Wagonjwa wa Parkinson nimewahudumia wodini, na mmoja nimemuuguza nyumbani. Makosa mengi niliyafanya kwa huyu wa nyumbani. La kwanza lilikuwa kudhani kwamba kukosa usingizi ni ugonjwa mmoja. Niliomba dawa ya usingizi, nikapewa dawa ya usingizi, na baba akaanguka mlangoni saa tisa usiku akielekea chooni.

Kwa hiyo hapa hatuanzi na dawa, tunaanza na saa. Mzee anaamka saa ngapi, na jambo la kwanza analosema au kulifanya akiamka ni lipi? Ukiyajua hayo mawili, nusu ya kazi imekwisha. Usipoyajua, hata daktari bingwa atabahatisha.

Wapo wanaosema huo ni uzee tu, wazee hawalali. Si kweli. James Parkinson, daktari wa London aliyeuandika ugonjwa huu mwaka 1817, alitaja tangu siku hizo kwamba usingizi wa wagonjwa wake huvurugika sana. Ugonjwa unaua chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, ile kemikali inayoufanya mwili utembee na kugeuka bila kufikiri, lakini hauishii hapo. Unagusa pia sehemu za shina la ubongo zinazosimamia kulala na kuamka. Mikono inayotetemeka ndiyo tunayoiona mchana, hayo mengine yanakuja taa ikishazimwa.

Kama mzee wako hajawahi kupimwa, na wewe ndiye uliyesema "hii Parkinson" baada ya kumwona anatetemeka, anzia hospitali. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakakuta wengi wa wagonjwa wa Parkinson hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Kinyume chake pia kipo: mtu anatetemeka kwa sababu nyingine kabisa, kwa mfano dawa za magonjwa ya akili. Madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache nchini, lakini bingwa wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya rufaa ya kanda pale Mbeya au ya mkoa pale Iringa anaweza kukuanzishia safari.

Daftari la siku saba

Chukua daftari la shule. Kila usiku andika saa aliyopanda kitandani, saa ya kidonge cha mwisho, alichokula jioni, kila saa aliyoamka na maneno yake yenyewe. Usiandike "alisumbua." Andika alichosema. Ukurasa mmoja wa daftari langu ulikuwa hivi:

Kidonge saa 1:00 jioni, pamoja na ugali na maharage. Kalala saa 3:15. Saa 8:20, "Nigeuze." Amelowa jasho, miguu migumu. Saa 10:00, "Nigeuze." Saa 11:30, kidole gumba cha mguu kimejikunja, analia. Kidonge saa 1:00 asubuhi. Saa 2:00 anatembea vizuri.

Nilikaa na ukurasa huo siku nne bila kuuelewa. Daktari kijana aliutazama muda mfupi tu akaniuliza, "Kati ya saa moja jioni na saa moja asubuhi anakunywa nini?" Hakuna. Saa kumi na mbili bila dawa.

Anaamka usiku wa manane na kusema "nigeuze"

Hili nalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo la wengi, na ndilo linalotibiwa kimakosa kuliko yote.

Levodopa, dawa kuu ya Parkinson, ile inayotolewa pamoja na karbidopa inayoisaidia ifike ubongoni, haikai mwilini muda mrefu. Kwa mtu aliyeugua miaka kadhaa, kidonge kimoja kinaweza kushika saa tatu hadi tano, basi. Cheti kinasema "1x3," nasi tunapanga asubuhi, mchana na jioni kama dawa ya malaria. Ikifika saa sita usiku mwili umebaki mtupu. Mtu mzima anageuka usingizini mara nyingi bila kujijua. Mzee huyu hawezi, analala ubavu mmoja mpaka unamuuma, anaamka kwa maumivu, anajaribu kugeuka, mwili haumtii. Jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio. Familia inasema ana wasiwasi, inampa dawa ya kumtuliza. Sasa amekuwa mgumu na tena amelewa.

Namna ya kuthibitisha: je, asubuhi baada ya kidonge cha kwanza anarudi kuwa mtu? Na usiku ukimgeuza tu, analala tena? Kama majibu yote ni ndiyo, dawa inaishiwa nguvu usiku. Peleka daftari kwa daktari. Anaweza kusogeza saa, kuongeza dozi ndogo wakati wa kulala, au kuandika kidonge kinachotoa dawa polepole, ambacho hakisagwi wala hakivunjwivunjwi. Wewe usiongeze mwenyewe. Dozi kubwa ya usiku kwa mzee mwingine inaleta ndoto kali na kuona visivyokuwepo, ukawa umehamisha tatizo tu.

Jambo moja unaloweza kulifanya leo hii bila kumwomba mtu ruhusa: tenganisha kidonge na chakula cha protini. Levodopa inagombea mlango mmoja na protini ya maharage, nyama, samaki na maziwa, na inaweza kushindwa. Kidonge kinywewe nusu saa hadi saa nzima kabla ya mlo. Baba alikuwa anakimeza katikati ya maharage, tena ya nazi, siku mama akiamua kutupikia vizuri. Kama tumbo linamchafuka, mpe kipande cha kiazi au mkate mkavu, si maziwa.

Halafu kitanda chenyewe. Wataalamu wa mbali hawakuambii habari ya Juni ya Makete na Njombe, baridi inapouma mpaka umande unaganda kwenye nyasi. Tunamfunika mzee blanketi tatu kwa mapenzi mema, na hapo tumemfunga. Mtu ambaye hawezi kuugeuza mwili wake atawezaje kugeuka na kilo kadhaa za blanketi juu yake? Mvalishe joto mwilini, fulana ya mikono mirefu na soksi, kisha blanketi moja nzuri isiyo nzito. Soksi zivuliwe au viatu vivaliwe kabla hajakanyaga sakafu ya saruji, maana zinateleza. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitenge miguuni inasaidia, mradi usiiache igusane na ngozi. Jiko la mkaa chumbani, kamwe. Gesi yake haina harufu, na huyu si mtu wa kuinuka haraka kufungua dirisha.

Godoro la sponji lililobonyea katikati ni shimo. Kama huna uwezo wa kununua jingine, lipindue, tia ubao chini yake. Kisha nenda kwa fundi cherehani, pale Mwanjelwa wako tele, mwombe kipande cha bitana ile laini ya makoti au satini. Kishonewe juu ya shuka kuanzia mabegani mpaka kwenye makalio tu. Sehemu ya miguu iachwe pamba, kwa sababu nyayo zinahitaji kushika zisukume. Na usimvalishe nguo za satini juu ya shuka la satini. Jirani mmoja alifanya hivyo, mzee akateleza mpaka chini kama samaki.

Kugeuka kunafundishika. Mfanyisheni mazoezi mchana, dawa ikiwa imeshika, si usiku. Analala chali. Anakunja magoti yote mawili, nyayo zinakanyaga godoro karibu na makalio. Anafumbata viganja, mikono imenyooshwa kuelekea darini. Anageuza uso kwanza upande anaokwenda. Kisha magoti na mikono vinaangushwa pamoja upande ule ule, na mguu wa nyuma unasukuma. Ahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kwa sababu hesabu inamsaidia kuanza pale mwili unapogoma. Kuinuka: anageuka ubavu, anashusha miguu nje ya kitanda, anajisukuma kwa kiwiko. Funga kanga yenye mafundo kwenye ubao wa miguuni aivute. Ya baba ilikuwa na mafundo matano, na aliyajua yote gizani.

Nani atamgeuza? Hili lizungumzwe mapema. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana na baba mkwe hawakutakiwa hata kukutana njiani, na mpaka leo ziko nyumba ambazo mke wa kijana hawezi kuingia chumbani kwa mkwewe usiku, achilia mbali kumshika kiuno. Nimeona mzee akilala na maumivu mpaka asubuhi kwa aibu ya kumwita mkamwana. Pangeni zamu ya mjukuu wa kiume au kijana mwenyewe, na mzee apewe kengele au filimbi, kwa sababu sauti yake usiku haitoki.

Alfajiri mguu unakunjamana

Vidole vinajikunja chini au nyayo inageukia ndani, maumivu makali, kwa kawaida kati ya saa kumi na saa kumi na mbili. Ndugu wa tatizo la juu, chanzo kile kile. Kidonge cha kwanza kiwekwe kando ya kitanda pamoja na maji kwenye kikombe chenye mfuniko, akimeze kabla hajainuka, na asubiri mpaka kishike. Mkanyagishe nyayo sakafuni umeshika kisigino. Kukanda pekee hakutoshi.

Anapiga kelele, anarusha ngumi, na bado amelala

Mama alihamia chumba kingine baada ya kupigwa kiwiko cha jicho. Hakumwambia mtu. Alisema aligonga mlango.

Katika usingizi wa ndoto, ubongo wa mtu mzima wa afya unazima misuli ili asiitende ndoto yake. Ukiota unakimbizwa na mbwa, miguu inabaki kitandani. Kwa wagonjwa wengi wa Parkinson swichi hiyo imeharibika, na ndoto inatoka nje: anapigana, anateka maji, anafukuza nguruwe shambani. Hali hii ilielezwa rasmi na madaktari wa Minnesota, Marekani, mwaka 1986, na imejulikana kwamba inaweza kumtangulia mtu miaka mingi kabla ya kutetemeka kuanza. Mama akikumbuka vizuri, baba alianza kupigana usingizini angali anaendesha trekta.

Kuna jambo linaloumiza nyumba nyingi. Mtu huyu ambaye mchana anatembea kwa kuburuza miguu na sauti yake ni mnong'ono, katika ndoto hizo anarusha ngumi ya nguvu na kupaza sauti safi kabisa. Ndivyo ugonjwa ulivyo. Lakini ndugu wakisikia, neno linakuwa mojawapo kati ya mawili. Ama "mchana anajidai," ama "ana mashetani." Nimekuta mzee amechanjwa chale kifuani kwa ajili hiyo. Jinamizi tunalolijua, lile la kukabwa usitikisike, ni kinyume cha hili: pale misuli imezimwa mtu yuko macho, hapa misuli iko macho mtu amelala.

Kabla ya dawa yoyote, ondoa vyombo vya hatari. Wazee wetu wanalala na panga mvunguni au bakora kando ya mto. Viondoke. Koroboi iondoke, weka taa ndogo ya sola juu ukutani. Godoro lishushwe chini au kitanda kiwekewe mito pembeni. Mwenza alale kitanda kingine, na asionekane kwamba amemkimbia mumewe. Usimtikise wala kumkumbatia akiwa katikati ya mapambano, maana wewe ndiye utakuwa adui wa ndotoni. Simama mbali kidogo, muite jina lake taratibu mpaka atulie.

Halafu angalia dawa zake. Amitriptilini na dawa nyingine za sonona zinaweza kuamsha au kuzidisha hali hii. Dawa zinazotumika kuitibu ni melatonini, iliyo salama zaidi kwa mzee, na klonazepamu kwa dozi ndogo sana. Hiyo ya pili inasaidia wengi lakini inaongeza kuyumba na kuchanganyikiwa, na anayekoroma huku akikata pumzi haimfai. Daktari ndiye anayeandika.

Anakwenda chooni mara nne

Andika mara ngapi na kiasi gani. Kidogo kidogo na haraka ya ghafla ni kibofu kilichovurugwa na ugonjwa wenyewe. Kingi kila mara, angalia sukari. Kwa mwanaume, kusubiri sana mkojo utoke ni tezi dume mpaka ipimwe. Kuungua au harufu kali ni maambukizi. Kufunga choo nako, ambako wagonjwa wengi wa Parkinson wanako, kunakikandamiza kibofu. Miguu iliyovimba mchana inarudisha maji mwilini akilala, hivyo ainue miguu juu ya kigoda alasiri. Kama anatumia kidonge cha kukojoza kwa ajili ya presha au moyo, muulize daktari kama kinaweza kuhamia asubuhi.

Maji anywe ya kutosha mpaka alasiri, apunguze kuanzia saa kumi na mbili jioni. Chai ya rangi ya saa mbili usiku ndiyo tunayoisahau. Tunaishi kati ya mashamba ya chai ya Rungwe na Mufindi, na hatuihesabu kama kitu cha kufukuza usingizi. Pombe zetu za kienyeji, ulanzi wa Iringa na komoni ya Mbeya, zinamlaza haraka na kumwamsha haraka, tena na kibofu kimejaa.

Hatari kubwa ni njia ya kwenda huko. Presha ya mgonjwa huyu mara nyingi hushuka akisimama, choo kiko nje, kuna tope, giza na baridi. Ndipo baba alipoanguka. Weka kopo lenye mdomo mpana kwa mwanaume, ndoo yenye mfuniko na kiti kilichotobolewa kwa mwanamke. Mwanzoni watakataa. Mpe siku chache. Kama lazima asimame, akae ukingoni mwa kitanda dakika mbili, achezeshe nyayo, ndipo ainuke. Kuinua upande wa kichwani kwa tofali moja chini ya kila mguu wa kitanda kunasaidia presha, na mkojo wa usiku unapungua. Tofali liwe zima, lisiyumbe.

Miguu haitulii

Akilala tu, anasema kuna wadudu wanatembea ndani ya miguu, akisimama na kutembea linaisha. Pima wingi wa damu na, ikiwezekana, akiba ya madini ya chuma, kwa sababu upungufu wake ni chanzo kinachojulikana. Akiandikiwa vidonge vya chuma, visinywewe pamoja na levodopa, vipishane saa mbili au zaidi, la sivyo vinaishika tumboni. Ganzi na kuungua kwa nyayo kusikoisha hata akitembea ni jambo lingine, mara nyingi sukari. Na kama kutotulia kulianza wiki aliyopewa dawa ya kuzuia kutapika, soma sehemu ya dawa hapa chini.

Anaona watu chumbani

Watoto wadogo wamekaa pembeni, mbuzi yuko mlangoni. Kama haogopi na anajua si kweli, washa taa, ondoa koti lililotundikwa ukutani, mpe ugali wake mkiongea mengine. Usibishane naye.

Kama limeanza ghafla ndani ya siku moja au mbili, usiseme ugonjwa umezidi. Tafuta mkojo wenye maambukizi, nimonia, upungufu wa maji, na malaria hasa kama ametoka Kyela au Usangu. Kama limeanza polepole, shuku dawa. Ya kwanza kuishuku ni benzheksoli, wengi wanaijua kama Artane. Inapatikana kirahisi kwa sababu kliniki za afya ya akili zinaitumia, na inapunguza kutetemeka kweli, lakini kwa mzee inavuruga kumbukumbu, inafunga mkojo na kuleta hao watoto wa pembeni. Daktari ataipunguza hatua kwa hatua, haikatwi siku moja.

Anasinzia mchana, anakoroma, au hapati usingizi kabisa

Anayesinzia mchana mara nyingi ni yule asiyelala usiku, hivyo rudi juu. Akisinzia tu baada ya mlo mkubwa, pima presha. Wanaotumia pramipeksoli au ropiniroli, dawa nyingine za Parkinson, wanaweza kukamatwa na usingizi ghafla, na hao wasiendeshe gari wala bodaboda. Aamshwe saa ile ile kila siku, aote jua la asubuhi, na kulala mchana kusizidi nusu saa. Anayekoroma, akakata pumzi kisha akashtuka kama anayezama, alale ubavu na aepuke pombe na Valium mpaka apimwe. Asiyepata usingizi tangu anapanda kitandani, muulize kilicho moyoni. Sonona na hofu ni sehemu ya ugonjwa huu na zina tiba. Angalia pia kama selejilini au amantadini, nazo dawa za Parkinson, anainywa jioni, zote mbili zinaweza kumkesheza na mahali pake ni asubuhi.

Dawa za dukani

Hapa nina uchungu wangu. Baada ya baba kuanguka, mahali fulani walimchoma Plasil kwa kichefuchefu. Siku mbili hakuweza kumeza mate. Dawa hiyo inaziba pale pale dopamini inapofanyia kazi. Wenzake ni haloperidoli, klopromazini, Stemetil, prometazini ambayo wengi wanampa mzee "alale tu," na Stugeron ya kizunguzungu. Piriton inayotumika kama dawa ya usingizi ya bei rahisi haizibi dopamini, ila inamchanganya mzee na kumzuia mkojo. Andika majina haya nyuma ya kadi yake ya kliniki kwa kalamu nyekundu. Muuza dawa hatakasirika, na akikasirika, basi.

Kuhusu upupu, kwa sababu naulizwa kila wiki: ni kweli, mbegu zake zina levodopa ya asili, na watafiti wamezijaribu kwa wagonjwa. Hilo ndilo linalonitisha. Kiko kile kile kilichomo kwenye kidonge, bila kipimo na bila karbidopa, na mzee akiongezewa juu ya vidonge vyake atatapika, presha itashuka, au atacheza mwili mzima bila kutaka. Kama anautumia, mwambie daktari bila aibu.

Dawa zikikatika

Levodopa ikikosekana duka moja, usisubiri mzigo wa wiki ijayo. Piga simu Mbeya mjini, Makambako, Iringa, kabla vidonge vya siku kumi havijaanza kuisha. Ikikatwa ghafla mwili unaweza kukakamaa, joto likapanda, akachanganyikiwa, na hiyo ni dharura ya kumkimbiza hospitali usiku huo huo. Akilazwa kwa ajili ya jambo jingine, hata kuvunjika nyonga, wodi inagawa dawa kwa ratiba yake na si kwa saa za mzee. Mwambie muuguzi wa zamu saa zake zote, pamoja na ile ya usiku. Akitakiwa asile kabla ya upasuaji, uliza mapema kuhusu vidonge hivyo. Na viwe mkononi mwa anayelala naye wodini, pamoja na daftari. Mara ya mwisho baba alipolazwa, vyake vilibaki juu ya kabati, Tukuyu.